Diski Mpya, Folda Nzito: Kijitabu kwa Watumiaji wa Kompyuta Somanda na Mkoa wa Simiyu

Msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, kazi za karatasi huongezeka Bariadi. Kuna orodha za mizani za AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), fomu za wakulima, nakala za vitambulisho, na zote hupigwa skani zikaishia kwenye kompyuta za steshenari na ofisi ndogo za hapa Somanda. Diski ya zamani hujaa, mwenye kompyuta anaagiza nyingine Mwanza, inakuja na basi kupitia Lamadi, fundi anaifunga. Nafasi inaonekana tele. Shida inaanza pale unapobofya folda: dirisha linafunguka jeupe, mstari wa kijani unatambaa juu polepole, na mteja yupo dirishani anasubiri nakala yake.

Wengi hapo husema wameuziwa diski mbovu. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi diski ni nzima na inachoshwa na kazi ambayo hakuna aliyeiomba. Kijitabu hiki kinakusaidia kutofautisha mambo hayo mawili kabla hujamlipa fundi mara ya pili.

Diski ya zamani usiifute

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo watu hulikosea zaidi. Ukishahamishia data kwenye diski mpya, ile ya zamani iweke kando kama ilivyo, angalau hadi mpya iwe imefanya kazi wiki kadhaa bila tatizo. Na ikiwa diski mpya inagonga, inakwaruza, au inapotea kwenye skrini na kurudi yenyewe, usiendeshe programu yoyote ya kuirekebisha. Hata ile ya Windows inayokagua diski nzima huilazimisha kusoma kila sehemu, na diski inayokufa inaweza kufia katikati ya ukaguzi. Nakili kwanza vitu vya maana, uchunguzi ufuate.

Jaribio la faili moja kubwa

Tafuta faili moja kubwa kwenye diski mpya, kwa mfano video ya harusi ya GB 3 au 4. Washa kompyuta upya, kisha inakili faili hiyo kwenda kwenye diski nyingine ya ndani yenye kasi. Usiipeleke kwenye flashi, maana flashi nyingi ni za polepole na zitakudanganya. Tazama kasi inayoonyeshwa wakati wa kunakili.

Diski ya kuzunguka iliyofungwa ndani ya kompyuta ikitoa MB 100 kwa sekunde au zaidi, haina kosa kubwa. Kama faili kubwa inapita vizuri na folda bado ni nzito, tatizo liko kwenye namna folda inavyosomwa. Kama hata faili kubwa inasuasua, inasimama na kuendelea, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya waya na tundu.

Folda yenye picha elfu sita

Sababu hii ndiyo tunayoikuta zaidi, na inahitaji hesabu kidogo.

Diski nyingi za kompyuta za mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kichwa kinachosoma kikitaka kipande cha data, lazima kwanza kisogee hadi kwenye njia yake, kisha kisubiri kipande hicho kizunguke hadi kifike chini yake. Kusogea huchukua takriban milisekunde (sehemu za elfu za sekunde) 8 hadi 10, na kusubiri huongeza kama milisekunde 4. Kwa hiyo diski nzima kabisa, isiyo na hitilafu, hufika sehemu zilizotawanyika kama 75 tu kwa sekunde.

Sasa chukua folda yenye picha 6,000 za skani. Windows ikiamua kwamba hiyo ni folda ya picha, hutaka kujua kila picha ilipigwa lini ili izipange, na kwa hilo inabidi ifungue faili moja baada ya nyingine. Gawanya 6,000 kwa 75, unapata sekunde 80. Ndiyo ile dakika na ushee unayoisubiri. Wingi wa GB hauna lawama hapa: video moja ya GB 20 hufunguka haraka kuliko folda ya GB 2 yenye vipande elfu sita.

Dawa yake ni ya bure. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua «Properties», kisha «Customize». Palipoandikwa «Pictures» au «Videos» weka «General items», ruhusu mabadiliko yashuke hadi folda za ndani, halafu thibitisha. Ndani ya folda, badilisha mwonekano uwe orodha yenye maelezo badala ya picha ndogondogo, na upange kwa jina. Kisha zigawe faili zako: folda ya mwaka, ndani yake folda ya mwezi au ya kijiji. Mpigapicha aliyejaza folda moja tangu Nane Nane ilipofanyika kitaifa Nyakabindi mwaka 2018 hatapona kwa diski ya bei kubwa zaidi, labda ahamie diski isiyozunguka, yaani SSD, ambayo haina kichwa cha kusogea.

Siku za mwanzo

Ukimwaga data nyingi kwenye diski mpya, antivairasi huanza kuzikagua, na Windows nayo huziorodhesha ili uweze kuzitafuta baadaye. Zote mbili husoma diski ileile unayotaka kuitumia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone kama diski iko kwenye asilimia 100 wakati wewe hufanyi chochote. Ikiwa hivyo, iache kompyuta iwake usiku mmoja, umeme ukiruhusu. Usizime antivairasi, steshenari inayopokea flashi za watu wote wa mjini haiwezi kuishi bila hiyo.

Kuna pia diski ambazo njia zake za data zimepandana kama vigae. Watengenezaji hupata nafasi zaidi kwa njia hiyo, lakini kuandika upya sehemu moja hulazimu kuandika na za jirani, hivyo diski huzorota ukiijaza kwa mfululizo na huendelea kujipanga hata baada ya kunakili kwisha. Mwaka 2020 Western Digital, Seagate na Toshiba walikiri kwamba baadhi ya diski zao zilikuwa za aina hiyo bila wanunuzi kuelezwa. Kwa kuhifadhi nakala zinafaa. Kwa kazi ya kutwa nzima, uliza kabla ya kununua.

Inachelewa mara ya kwanza tu

Folda ikigoma kwa sekunde kadhaa baada ya mapumziko, halafu ikaenda vizuri, diski ilikuwa imelala. Windows kwa kawaida huisimamisha isipotumika kwa dakika 20. Ongeza muda huo kwenye mipangilio ya umeme. Na kama kila folda inachelewa, hata zilizo kwenye diski ya zamani, angalia kama kompyuta bado inatafuta diski ya mtandao wa ofisi iliyokwisha kuondolewa. Ifute kwenye orodha.

Waya, tundu na namba tano za kusoma

Fundi akibadilisha diski, mara nyingi hurudishia waya wa data uliokuwepo, na waya uliochoka huharibu data njiani hadi iombwe upya. Diski ya nje, yaani eksternali, nayo huchomekwa popote: tundu jeusi la USB ya zamani hupitisha kama MB 35 kwa sekunde, kwa hiyo GB 500 zitachukua takriban saa 4. Tundu la USB 3, ambalo mara nyingi huwa la bluu, linaweza kumaliza kazi hiyo kwa saa moja na kitu.

Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo huonyesha kumbukumbu ambayo diski hujiandikia yenyewe. Soma mstari wa 05, C5 na C6: hizo ni sehemu mbovu za diski, na kwenye diski mpya zinapaswa kuwa sifuri. C7 huhusu waya. Namba yake hairudi chini hata ukibadilisha waya, kwa hiyo iandike, badilisha waya, na baada ya siku chache uone kama imepanda.

Ya tano ni saa ambazo diski imekuwa ikiwaka. Mwaka una saa 8,760. Diski uliyoinunua jana ikionyesha saa 20,000, imekwisha fanya kazi zaidi ya miaka miwili mahali pengine, hata kama boksi limefungwa kwa nailoni. Namba ndogo nayo si uthibitisho kamili: mwaka 2025 huko Ujerumani wanunuzi waligundua diski za Seagate zilizotumika zikiuzwa kama mpya huku saa zake zimefutwa.

Ukiirudisha dukani

Piga picha ya skrini ya CrystalDiskInfo yenye namba hizo, na nyingine ya lebo ya diski yenye namba yake. Watengenezaji wakubwa wana ukurasa ambapo ukiandika namba hiyo unaona kama dhamana bado ipo. Chukua na risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi. Bila risiti mazungumzo ya dukani huwa magumu. Kwa diski bandia, chombo kinachohusika ni Tume ya Ushindani, FCC.

Kama diski ilishawekewa kumbukumbu za wagonjwa, wanafunzi au wakulima, usiikabidhi dukani wala kwa fundi ikiwa bado na data hizo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamhusu mwenye steshenari kama inavyoihusu hospitali. Hamisha data, futa diski nzima kwa kuandika juu yake, ndipo uirudishe. Ikiwa imekufa kiasi kwamba haifutiki, pima thamani ya dhamana na thamani ya siri iliyomo. Kwa taarifa za wagonjwa, sisi tungebaki na diski.