Tope Mlangoni mwa Mto

Katika miaka niliyofundisha Jiografia, wanafunzi waliozaliwa mbali na bahari waliniuliza mara nyingi: mto ukifika pwani, tope lake huenda wapi? Wengi hudhani humwagika baharini na habari yake ikaisha. Sivyo. Nitaeleza kwa mfano wa Beira, katika Msumbiji, bandari iliyo mlangoni mwa mto Pungwe. Mto huo huanzia katika milima ya Zimbabwe, na huko Beira maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 6.

Kwanza, fikirini udogo wa tope. Chembe ya udongo yenye upana wa milimita 0.002 huchukua siku 3 hivi kuzama mita 1 katika maji matulivu. Lakini baina ya kujaa na kupwa maji husimama kitambo kidogo tu. Basi tope hupataje kutua? Kwa sababu ya chumvi. Chembe zikikutana na maji ya bahari hushikana, zikawa mabonge madogo, na bonge huzama upesi. Jaribuni wenyewe: tieni maji ya tope katika bilauri mbili, moja mwitie kijiko cha chumvi, korogeni zote, kisha ngojeni. Ile ya chumvi itatakata kwanza.

Pili, katika milango mingi ya mito maji hujaa upesi na kwa nguvu, lakini hupwa polepole. Yakijaa huchota tope na kulipandisha mtoni. Yakisimama, tope hutua kandokando, penye mikoko. Tope lililokwisha tua hutaka nguvu nyingi kuling'oa kuliko kulibeba. Kwa hiyo maji yakipwa huacha sehemu nyuma, na haba na haba hujaza kibaba. Mto ukifurika hulisukuma tope nje. Ukipungua, bahari hulirudisha.

Ndiyo maana njia ya meli ya Beira haina budi kuchimbwa mara kwa mara. Ikijaa tope, meli kubwa hushindwa kuingia, na mafuta na mbolea ya Zimbabwe na Malawi hukawia.

Sasa nawaachia swali: tope lililochimbwa likimwagwa karibu na mlango wa mto, litakuwaje?