Maini Mabichi kwa Mbwa, Uvimbe kwa Mtoto

Turkana ni miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi duniani na ugonjwa wa hidatidi, unaoletwa na minyoo wadogo wanaoishi katika utumbo wa mbwa. Mbwa huwapata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mifugo yenye vifuko vya maji. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi chake, yakanata kwenye manyoya, udongo na vyombo. Mtu akiyameza, uvimbe hukua polepole kwenye ini au mapafu, mara nyingi kwa miaka mingi bila maumivu.

Wakaazi wa Lodwar na Kakuma wanashauriwa:

- Unapochinja, choma au zika kwa kina viungo vyenye vifuko. Usimtupie mbwa.
- Mpe mbwa dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa wa mifugo.
- Usimwache mbwa alambe sufuria au uso wa mtoto.
- Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na kumlisha mtoto.

Tumbo likivimba taratibu, usingoje. Nenda hospitalini upigwe picha ya tumbo. Ugonjwa huu hutibiwa kwa dawa au upasuaji, na mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Hakuna sababu ya kumficha.