Msamaha wa Ada na Mgonjwa Maskini: Haki Inayoombwa

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Makala haya yanachunguza jinsi ada za matibabu, pamoja na nafuu zinazokusudiwa kuzipunguza, zinavyoathiri matumizi ya huduma za afya miongoni mwa maskini nchini Kenya. Hoja yetu ni kwamba nafuu ambayo mgonjwa hupewa bila kuiomba humfikia upesi kuliko ile anayolazimika kuiombea dirishani.

Usuli

Mpango wa kugawana gharama ulianzishwa katika hospitali za serikali mnamo 1989. Athari zake zilijitokeza mapema. Katika kliniki moja ya magonjwa ya zinaa jijini Nairobi, mahudhurio ya wanaume yalishuka hadi asilimia 40 ya kiwango cha awali, na ya wanawake hadi asilimia 65. Mwaka wa 2004, ada zilipunguzwa hadi shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika vituo vya afya. Hatimaye, mnamo Juni 2013, ada hizo zilifutwa.

Ondoleo na Msamaha

Yafaa tutofautishe dhana mbili. Ondoleo la ada huhusu kundi zima, mathalani watoto walio chini ya umri wa miaka mitano, na halihitaji maombi. Msamaha, kwa upande mwingine, hutolewa kwa mtu mmoja mmoja baada ya kuhojiwa na afisa wa ustawi wa jamii. Aghalabu huhitaji ushahidi wa umaskini, kama vile barua ya chifu.

Neno lenyewe lina uzito. Katika Kiswahili, anayeomba msamaha ni aliyekosa. Nyanyake mwandishi alipoelekezwa kuuomba katika hospitali fulani, aliuliza, "Kwani nimemkosea nani?" Alirudi nyumbani bila dawa. Swali lake linafichua kizuizi kisichoonekana katika daftari za hospitali: fedheha. Aidha, wengi hawajui kwamba msamaha huo upo, na hospitali inayotegemea ada haina sababu kubwa ya kuutangaza.

Nafasi ya Ruzuku

Hata ada ikiondolewa, nauli na kibarua cha siku hiyo hubaki mzigo wa mgonjwa. Hapa ndipo mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee shilingi 2,000 kwa mwezi, unapokamilisha kazi ambayo msamaha hauwezi kuifanya. Hata hivyo, fedha hizo ndizo zinazonunua unga pia.

Hitimisho

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka wa 2023 inaitaka serikali iwalipie wasiojiweza. Swali linalosalia ni la nyanya yule: je, watatafutwa waliko, au watangojwa waje kuomba? Penye kuombwa, maskini zaidi ndiye atakayekosa.