Umeme Huunguza kwa Ndani

Nafanya kazi ya uuguzi Kigali. Hapa mjini hospitali ya CHUK ina wodi ya watu walioungua. Leo nataka kuwaeleza habari za umeme.

Maji ya moto huanza na ngozi, umeme hupenya. Huingia mkononi, hupita katika misuli, hutokea mguuni. Kwa hiyo kidonda cha nje chaweza kuwa kidogo kama sarafu, kumbe nyama za ndani zimekwisha kufa. Rangi ya misuli iliyokufa huingia katika damu na kuziba figo. Mkojo huwa mweusi kama kahawa. Ndiyo sababu mgonjwa hutiwa maji mengi mshipani, na mkojo wake hupimwa kila saa: mtu mzima atoe mililita 75 hadi 100, mpaka utakate. Moyo nao hupimwa. Mkono ukivimba na kukaza, daktari huupasua mapema damu ipite, usije ukakatwa.

Basi mwenzako akinaswa na umeme nyumbani, usimguse. Zima kwanza swichi kuu. Kisha mpeleke hospitali, hata akisema, "Sijambo, ni kidonda kidogo tu."