Somo la Mihogo: Siku Tatu Majini

Ninyi mnaokaa vijijini karibu na machimbo, someni somo hili. Asiyejua kusoma na asomewe na mtoto wake. Habari yake ni ya chungu cha kila siku, lakini ndani yake mna jambo la miguu ya watoto wenu.

1. Vyungu vya Lac Vert

Lac Vert ni ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani, magharibi ya Goma, karibu na njia ya Sake. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walipiga kambi hapo na Mugunga. Tena toka mwaka 2022 hata mwanzo wa 2025, watu wa Masisi na Rutshuru waliokimbia vita walikaa pande zile zile. Basi vyungu vya makabila mengi vimepikwa juu ya mawe yale meusi: Wahunde na ndizi zao, Wahavu na samaki wa ziwa, Wanyarwanda na maharagwe na mtama. Lakini wote hukutana kwenye chakula kimoja, ugali wa mihogo, ambao wengine huuita fufu, pamoja na sombe.

2. Mhogo ni mgeni mwenye masharti

Mhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika katika karne ya 16. Wenyeji wa Brazili walijua tangu zamani ya kuwa mhogo mchungu una sumu. Wao huukuna, huukamua katika mfuko mrefu wa kusuka, kisha hukaanga unga wake. Watu wa Nigeria na Ghana hufanya gari: hukuna, huacha uchachuke, hukamua, hukaanga. Sisi wa Kongo huuloweka, huuanika, huutwanga. Na ndugu zetu wa magharibi hufunga chikwangue kwa majani.

Angalieni neno hili. Desturi ni mbalimbali, lakini watu hawa wote hawali mhogo mchungu kwa haraka. Wazee hawakuwa na vyombo vya daktari, lakini walijua kungoja.

3. Sumu yenyewe

Sumu ya mhogo huitwa sianidi. Hutokea mzizi unapokatwa au kusagwa, na maji na hewa huiondoa pole pole. Mtu akila unga uliolowekwa kidogo, kila siku, kwa majuma mengi, bila maharagwe wala samaki wala nyama, huweza kupatwa na konzo. Ugonjwa huu huja ghafula. Miguu yote miwili hukakamaa, na mtu hutembea kwa ncha za vidole, au kwa fimbo, au hutambaa. Hushika zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Mlemavu hubaki mlemavu mpaka kufa.

Konzo ni neno la Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake toka Kwango mwaka 1938. Mwaka 1981, wakati wa ukame, ulishika watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Hata milimani kwa Kivu ya Kusini umeonekana.

4. Kwa nini neno hili ni lenu

Katika Bandundu, miaka ya 1970, barabara nzuri ilifika, na mihogo ikanunuliwa kwa wingi kupelekwa Kinshasa. Wanawake walitaka kuuza upesi. Siku tatu za kuloweka zikawa mbili, kisha moja. Ndipo konzo ikaongezeka.

Sasa fikirini machimbo yenu. Wachimbaji wana njaa na fedha mkononi. Maharagwe yauzwa kwao, na nyumbani hubaki ugali mtupu. Tena katika nchi ya mawe ya volkano kama Goma hakuna mito. Maji ya mvua huzama chini, na mama huchota mbali. Basi haraka na uhaba wa maji humshawishi kutoa mihogo kabla ya wakati. Faida ni ya soko moja, hasara ni ya maisha yote.

5. Fanyeni hivi

Kwanza: Menyeni mihogo michungu, iloweke siku tatu kamili mpaka ilainike. Maji yake msiwape mbuzi. Kisha anikeni juani mpaka ikauke kabisa.

Pili: Kama hamna hakika na unga mlionunua, tieni maji mpaka uwe kama tope zito. Utandazeni juu ya sinia, unene wa sentimeta 1. Acheni saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha pikeni siku ile ile. Maji yanayohitajika ni machache. Wanawake wa kijiji kimoja cha Popokabaka walifundishwa hivi toka mwaka 2010, na wagonjwa wapya hawakuonekana tena wakati wa kazi ile. Lakini njia hii haiondoi sharti la kuloweka.

Tatu: Sombe itwangwe vizuri, ichemshwe sana, chungu kikiwa wazi.

Nne: Ugali usikae peke yake. Wekeni akiba ya maharagwe kabla ya kuuza. Nunueni sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu toka Tanganyika karibu na mwaka 1959. Vyakula hivi huupa mwili nguvu ya kushinda sumu iliyobaki.

6. Maulizo

Mihogo hukaa majini siku ngapi? Kwa nini Wabrazili huukamua mhogo? Nyumbani kwenu, juma hili, maharagwe yalipikwa mara ngapi?

Ulizo la mwisho msinijibu mimi. Jibuni mbele ya watoto wenu, mkiwatazama wakikimbia.