Jinsi Maghala ya Programu Yanavyoazimana Vitu

Programu kubwa ya kompyuta haiandikwi na mtu mmoja, wala haiandikwi siku moja ikaisha. Husahihishwa daima na watu walio mbalimbali, na kila sahihisho halina budi kuwekewa kumbukumbu. Haja hiyo ndiyo iliyomfanya Linus Torvalds atunge chombo kiitwacho Git mwaka 2005, kwa ajili ya waandishi wa kiini cha Linux. Katika Git kila mwandishi huwa na ghala lake kamili, lenye historia yote ya kazi.

Kila kitu kiwekwacho ghalani, kiwe maandishi ya faili, orodha ya faili au kumbukumbu ya badiliko, hupewa jina litokanalo na yaliyomo ndani yake. Kanuni ya hesabu iitwayo SHA-1 huyapitia yote na kutoa namba ya biti 160, ambayo huandikwa kwa alama 40, yaani tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Faili tupu, kwa mfano, hupata jina linaloanza na e69de29, iwe Mwanza au Helsinki. Herufi moja ikibadilika, jina hugeuka kabisa. (Mwaka 2017 watafiti wa Amsterdam na wa Google walitengeneza faili mbili tofauti ambazo SHA-1 ilizipa namba moja, Git ikaongezewa uwezo wa kuigundua hila hiyo, na baadaye uwezo wa kutumia SHA-256.)

Kwa sababu hiyo mazungumzo ya maghala mawili mtandaoni huwa mafupi. Ghala linaloomba hutaja kumbukumbu linayoitaka, kisha hutaja zile lilizo nazo. Kila kumbukumbu humtaja mzazi wake. Basi ghala linalotoa likisikia kwamba mwenzake anayo kumbukumbu ya 8, hujua kuwa zilizoitangulia anazo pia, nalo hufunga bunda la vitu vipya vya 9 na 10 tu. Hata hivyo vingi havitumwi vizima. Hutumwa tofauti pekee, na mpokeaji huijumlisha na kile alicho nacho.

Maghala yakiwa ndani ya kompyuta moja, iko njia nyepesi zaidi, nayo ina hatari. Ghala B halinakili kitu. Huandika tu, katika faili iitwayo alternates, mahali vilipo vitu vya ghala A, na kuvisoma humo. Nafasi kubwa huokolewa. Lakini A halijui kwamba linategemewa. Mwenye A akifuta tawi, kisha akafagia vitu visivyotajwa tena popote katika A, B huweza kukuta historia yake ina matundu. Kosa huonekana B, ilhali chanzo kipo A, na mwanafunzi aweza kushinda kutwa akitafuta mahali pasipo. Asiyemwamini mwenye A na atoe kwanza amri ya git repack -a -d, ili vitu vyote vilivyoazimwa viingie ghalani mwake mwenyewe. Ndipo aifute faili ile ya alternates, wala si kabla.