Mfalme Ahabu na Shamba la Naboti

Wapenzi wakatekumeni, habari hii imo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21 na ya 22. Yatufundisha kwamba hata mfalme yu chini ya hukumu ya Mungu.

Ahabu alitawala Israeli miaka 22, katika karne ya 9 kabla ya Kristo. Karibu na jumba lake la Yezreeli palikuwa na shamba la mizabibu la Naboti. Mfalme alilitamani, akataka kulinunua. Naboti akakataa, kwa kuwa ni urithi wa baba zake. Ahabu akajilaza kitandani, akasusa chakula. Ndipo Yezabeli mkewe akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake. Mashahidi wawili wa uongo wakamsingizia Naboti kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe hata akafa. Ahabu akashuka kulitwaa shamba.

Humo shambani nabii Eliya akamkuta, akamtangazia hukumu: mahali mbwa waliporamba damu ya Naboti, wataramba na yake. Ahabu akararua mavazi yake, akavaa gunia, akafunga. Mungu akauona unyenyekevu wake, akaahirisha maangamizi ya nyumba yake. Tazameni huruma ya Bwana!

Lakini Maandiko hayasemi kwamba Ahabu alilirudisha shamba. Baadaye akaenda kupigana na Waaramu huko Ramoti ya Gileadi. Nabii Mikaya alimwonya. Naye akamtia gerezani. Kisha akabadili mavazi, adui wasimtambue. Askari mmoja akavuta upinde bila kujua amlengaye ni nani. Mshale ukapenya penye maungio ya vazi lake la chuma. Jioni akafa. Gari lake la vita likaoshwa penye birika la Samaria, na mbwa wakairamba damu yake.

Ahabu aliweza kujificha machoni pa adui, si machoni pa Mungu. Kufunga na kulia ni kwema, lakini toba haijatimia ikiwa mali ya mwenzako ingali mkononi mwako. Ninyi mnaongojea Ubatizo, aliyeshika shamba la mjane au mbuzi wa jirani amrudishie mwenyewe. Wakati huu ni wa huruma, tusiupoteze.

Maswali
1. Kwa nini Naboti alikataa kuuza shamba lake?
2. Mungu alifanya nini Ahabu alipojinyenyekeza?
3. Mwenye kuiba, pamoja na kutubu, apaswa kufanya nini?